Bado, Halla

Mashine ya Urpo ikinguruma kule ukingoni mwa shamba,
Halla hulia garini kama birika lililosahauliwa jikoni.
Ana miezi kumi. Miguu kaiazima kwa mnyama mwingine,
mrefu kumshinda, na hajajua bado pa kuiweka.

Kauhava, Septemba. Shayiri imeshakatwa,
mabua yamebaki chongochongo, uwanda umelala wazi
hadi pale mbingu inapoanza bila kupiga hodi.
Kamba imepitishwa kwenye makapi kumi na mawili,
na mwishoni mwake mfuko mweupe wa plastiki
uliobeba viazi juzi.
Leo ni sungura.

"Mlete," asema Urpo, kofia imemkaa upande.
"Mzunguko mmoja tu. Macho yake yako tayari."
Najua, Urpo. Macho yalikuwa tayari tangu wiki ya saba,
alipokifukuza kivuli cha pazia akaligonga kabati.
Mimi siyaulizi macho. Nakiuliza kiwiko.
Nauuliza ule mfupa alionionyesha daktari Onerva katika picha,
ncha yake haijashikana na shina,
kati yake ufa mwembamba, mweusi,
kama mlango ulioachiwa mtu ambaye hajarudi.
"Hapo," alisema, "ndipo urefu wake unapoingilia.
Usimfungie njia."

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.
Labda. Sina haja ya kubishana na waliokula samaki wengi.
Lakini mbwa si samaki,
na kona ya tatu ya uwanja huu haikunji. Huvunja.

Muulize Ruska.
Miezi minane, nami nikiwa na kiburi cha mtu mwenye mbwa mwepesi.
Watu walipanda juu ya viti kumtazama.
Kapi la tatu, kamba ikageuka ghafla,
kifua kikaenda kushoto, mguu ukabaki kulia.
Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Kijiti tu, kikavu.
Akamaliza mbio kwa miguu mitatu, akaukamata mfuko,
akaniletea.
Hilo ndilo lisiloniacha nilale: kwamba aliniletea.

Kwa hiyo bado, Halla.
Kwa sasa ni uani: fimbo, kamba, kipande cha ngozi ya kondoo,
mara tatu, mara nne, kisha nakificha
kabla hujakichoka.
Ni kutembea msituni, gogo ulivuke ukipenda, usipopenda ulizunguke.
Ni kujifunza kurudi unapoitwa,
kazi ambayo sijaona mtu akiipigia makofi.

Baridi itapita juu yetu polepole kama lori lenye mzigo.
Utalala kwenye sofa ukichukua nafasi ya watu wawili,
na ndani yako milango itakuwa inajifunga, mmoja, mwingine,
nami nitakuwa nasoma gazeti, nisisikie hata mmoja.

Halafu Mei. Mwaka na nusu.
Neno la ndiyo atalitoa Onerva, si Urpo, wala si mimi
ambaye nilishawahi kulitoa vibaya.
Udongo uwe umekauka bila kuwa mgumu.
Mita mia, mstari ulionyooka, peke yako, pasipo kona.
Urpo ataibembeleza mota, nimeshamwambia,
uushike mfuko, uutikise, uuue vizuri,
uamini kwamba dunia huwa inashikika.
Kisha nitakufunga mshipi ungali unalilia ya pili.
Watasema tumeendesha kilomita tisini kwa sekunde nane.
Na waseme.

Ruska atakuwa kiti cha nyuma, kidevu kimekwisha kuwa cheupe.
Mota ikiwaka, sikio lake moja litasimama.
Nitamfungulia, ateremke taratibu kwa ule mguu wake,
nimwekee mfuko mbele ya pua pale majanini.
Sitamwamuru kitu.
Najua atakachofanya nao.